Vikombe Sitini vya Mama Gerson

Kwa miaka kumi na tisa, mtu wa Nangara, mjini Babati, aliyetaka kujua nani ana msiba na nani ana harusi hakusumbuka kuuliza. Aliangalia tu guta la magurudumu matatu lililobeba masufuria ya Mama Gerson linakata kona ipi. Guta likipita, na mama mwenyewe nyuma yake kwa miguu, kitenge kimefungwa barabara kiunoni na daftari kwapani, watu walijua kwamba huko mbele kuna watu wa kulishwa.

Jina lake la ubatizo ni Elieshi, lakini hilo lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa marehemu mumewe. Mume alikuwa fundi magari karibu na stendi. Alipofariki, miaka sita iliyopita, alisafirishwa Machame akalale kwa baba zake, kama ilivyo desturi yao. Matanga yalipokwisha, shemeji zake walidhani mjane atabaki huko migombani. Yeye akapanda basi siku ya Alhamisi akarudi Babati, maana Jumamosi kulikuwa na harusi Singe na vyombo vilikuwa vimeshaahidiwa.

"Mungu ndiye aliyeniwekea harusi ile," alizoea kusema. "Bila hiyo ningebaki kule natazama kaburi."

Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli: masufuria manane makubwa, sahani mia tatu, vijiko, majagi, mabeseni, turubai moja la bluu. Vyote vilikuwa na alama yake ya rangi nyekundu. Hilo si ajabu Babati. Kwenye msiba kila jirani huja na chombo chake, na kila chombo kina alama: huyu kachora msalaba kwa rangi ya kucha, yule kafunga uzi kwenye mkono wa sufuria, mwingine kaandika jina zima kwa msumari. Siku ya kuanua matanga, wanawake huchambua rundo la vyombo vilivyooshwa na kila mmoja huondoka na chake. Chombo chenye jina la mtu kikionekana kwenye kabati lako, hapo una maelezo ya kutoa.

Lakini Mama Gerson hakuishia kwenye alama. Alikuwa akikaa. Alifika na vyombo wa kwanza, akavihesabu mbele ya wenye shughuli, kisha akatafuta kigoda karibu na mafiga na kutulia hapo mpaka sahani ya mwisho ioshwe. Kisha akahesabu tena. Watu walidhani analinda mali, na kweli alikuwa analinda. Kilichokuwa moyoni mwake hakumwambia mtu: akishamaliza kuhesabu, hana sababu nyingine ya kuendelea kukaa pale kwenye moshi, kwenye umbea, kwenye vicheko vya wanawake wanaomenya vitunguu. Nyumbani kwake hesabu ilikuwa fupi. Kiti kimoja kinachokaliwa, kikombe kimoja kinachonywewa.

Kisha akaja Praygod.

Praygod alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtoto wa watu, mwenye salamu. Alileta mahema meupe, viti vilivyovalishwa vitambaa na kufungwa utepe nyuma kama bibi harusi, na sahani za udongo. Hayo yote Mama Gerson angeyavumilia. Kilichomshinda ni zawadi. Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi yoyote, kabla mwenyekiti hajafungua kwa sala, kila mjumbe alikuwa ameshapewa kofia yenye jina la Praygod, na katibu ameshapewa kalamu. Sasa katibu anayeandika bajeti kwa kalamu ya Praygod ataandika jina la nani kwenye mstari wa vyombo? Madereva wa bodaboda aliwapa vizibao vya njano. Akina mama wa kwaya aliwapa mifuko ya kwendea sokoni. Jumapili moja kanisani Mama Gerson alihesabu kofia kumi na nne zimewekwa magotini na wanaume, zote zikimtazama yeye kwa jina lile lile.

Walikutana mlangoni baada ya ibada.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Naona mji mzima umeuvalisha."

"Ndiyo matangazo hayo, Mama. Mtu akivaa jina lako anakutangaza bila mshahara."

"Na wakikuvua je?"

Praygod akacheka, wala si kwa ubaya. "Wakinivua watavaa la nani, Mama? Lako halipo."

Maneno hayo alikwenda nayo nyumbani. Na jioni ile ile ya Septemba mwanawe Gerson, karani wa ofisi moja huko Dodoma, akapiga simu kama kawaida yake ya Jumapili.

"Mama, mwezi huu umekodisha mara ngapi?"

"Kazi ziko chini kidogo, baba."

"Chini kidogo ni ngapi?"

Mama Gerson akayatazama masufuria yaliyopangwa ukutani. "Hakuna."

"Na mwezi uliopita?"

Akaanza kupangusa mfuniko usio na vumbi.

"Basi tusikilizane," Gerson akasema. "Umri unakwenda, na hapo uko peke yako. Ukipata kazi tatu kabla ya Krismasi, sikugusi tena. Usipopata, nakuja na gari la mizigo. Vyombo tunamwuzia huyo Praygod, wewe unakuja kukaa na wajukuu zako."

"Dodoma kuna ukame."

"Kuna bomba, Mama."

Alikuwa amewahi kukaa kwa Gerson wiki tatu. Saa kumi na mbili asubuhi wote huondoka, geti hufungwa, naye hubaki na televisheni inayoongea peke yake. Mara moja alimsikia jirani wa upande wa kulia akikohoa. Jina lake hakulijua. Hapa Nangara walau akitoka nje anaamkiwa.

"Haya," akasema. "Tatu."

Siku ya Jumanne akauza magunia mawili ya mbaazi, akaenda kwa Anselimu, fundi wa kuchapa maandishi aliye nyuma ya soko. Kwenye kibanda chake palining'inia kofia na fulana za kila rangi.

"Mama, karibu. Fulana ngapi?"

"Fulana inachakaa, inageuka tambara la kudekia. Mimi ni mtu wa vyombo. Nataka vikombe. Kila asubuhi ya Mungu mtu anashika kikombe."

Anselimu akakubali kwa kichwa, kwa heshima. "Hapo umefikiri, Mama. Hata Praygod hajafika huko. Tuandike nini?"

"Mama Gerson, Vyombo vya Shughuli, Nangara. Na namba ya simu."

"Tuongeze ua? Au 'Karibu mteja'? Au 'Zawadi kwako'?"

"Maua ya nini? Weka jina. Lionekane kwa mbali, na liwe jekundu kama alama yangu."

Vikatoka sitini, vyeupe, jina likiwaka ubavuni. Alivipanga mezani kwake usiku huo akasali juu yake, akimwomba Bwana avipeleke kila kimoja kwenye nyumba yenye shughuli.

Alivigawa siku ya sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada, watu wakiwa wanashindania kuku na mikungu ya ndizi kwenye mnada nje ya kanisa, yeye na akina mama wengine waliwagawia chai. Chai ya safari hii ilikuwa kwenye vikombe vipya. Kila aliyempa alimwinamia sikioni: "Hicho nenda nacho, ni chako." Tangu utoto alifundishwa kwamba anayetoa hajipigii ngoma, kwa hiyo alisema polepole. Na mnadi alikuwa anapiga kelele: "Jogoo huyu! Nani anamwacha jogoo wa Bwana?" Walio wengi hawakumsikia Mama Gerson, walimwitikia kwa kichwa tu.

Siku tatu baadaye mtu akabisha hodi. Alikuwa Mzee Amos, anayekaa upande wa ziwani, kofia mkononi.

"Mama Gerson, mwizi kajileta mwenyewe."

"Mwizi gani tena, Mzee Amos?"

Mzee akatoa kikombe kwenye mfuko wa koti. Ndani kulikuwa na mayai mawili yamefungwa kwenye gazeti, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. "Mke wangu kafungua kabati, kaona jina lako. Kaniuliza, 'Baba Marseli, tabia hii umeianza lini?' Nikamwambia labda nilipitiwa kwenye mavuno. Kanipa na mayai ya kukuombea radhi."

"Lakini Mzee, ni zawadi! Nilikupa!"

"Zawadi?" Mzee Amos akakigeuza, akakisoma tena. "Mbona kina jina lako?"

Walicheka. Mzee akakaa, akanywa chai kwenye kikombe kile kile, akaeleza habari za goti lake na za samaki waliopungua, akaaga. Kikombe akakiacha mezani. Mama Gerson alipomkumbusha alisema, "Aa, nitamweleza nini yule mama?"

Kesho yake akaja Jenipher, mke wa mwalimu, mwanamke mchangamfu wa nyumba ya nne. Huyu alisikia vizuri kwamba ni zawadi.

"Nakipenda, Mama, sikudanganyi. Lakini juzi mama mkwe kaja kutoka Magugu. Namwekea chai, anakitazama, ananitazama. Ananiuliza, 'Hiki mtakirudisha lini?' Nikamwambia nimepewa. Akasema, 'Hata mama yangu alikuwa na shoga, kila akitoka msibani kapewa vijiko vya watu.' Mama Gerson, nisamehe. Bora unipe hata kitambaa kisicho na jina."

Kikombe chake kilikuja na karanga.

Baada ya hapo vikawa vinarudi kama kuku jioni. Wengine walivituma kwa bodaboda, vinne kwenye mfuko mmoja. Wengine walikuja wenyewe, wakisimama getini na maelezo yao yameshaandaliwa: mtoto ndiye alibeba, sisi hatukujua, tulidhani umeliazima kanisa. Vikombe vilirudi na mbaazi, na sukari, na chumvi, na unga wa ulezi, kimoja kikiwa na dagaa waliomchafua paka akili siku nzima. Wiki mbili za mwanzo Mama Gerson alibishana na kila mmoja. Alieleza matangazo, akaeleza kofia za Praygod. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaweka kikombe mezani.

Halafu akaacha kubishana. Aliliona jambo hili likimtokea, maana macho yake hayakumwacha mtu, hata yeye mwenyewe. Akaanza kuweka maji ya chai jikoni saa nne asubuhi, kabla hodi haijapigwa. Akafuta vumbi kiti cha pili. Mtu akisema, "Mama, nimekuletea kikombe chako," yeye hakusema tena kwamba ni zawadi. Alisema, "Asante mwanangu, ingia basi, hata dakika tano." Mtu akiingia huuliza hali, hutazama picha ya marehemu, husema, "Baba Gerson alikuwa mcheshi yule." Dakika tano zikawa ishirini. Usiku katika sala zake alitaka kuungama ule ukimya, akashindwa kupata maneno yake.

Mwishoni mwa Novemba vikombe hamsini na tisa vilikuwa vimerudi kabatini. Kazi hakuwa amepata hata moja. Na watu hawakuja tena, maana hawakuwa na kitu chake cha kurudisha. Maji ya saa nne yalichemka yakapoa. Siku moja aliketi kwenye kile kiti cha pili, akaitazama nyumba kutoka upande wa mgeni, akaona ilivyo kubwa.

Kikombe cha sitini kilikuja wiki ya kwanza ya Desemba. Aliyekileta alikuwa Christina, mkulima wa Singe, mwanamke mrefu wa umri kama wake, asiyependa maneno mengi. Kikombe kilikuwa kimejaa maharage mpaka mdomoni.

"Karibu, Mama. Ingia unywe chai."

"Nimeshakunywa." Akabaki mlangoni. "Mjukuu wangu anapata kipaimara Jumapili ya wiki ijayo. Nyumba zinazosherehekea ni nyingi mno, siku ni moja. Praygod kaniahidi, leo asubuhi kanipigia anasema vyombo havitoshi. Tuko nyumba tatu tumeachwa hivyo hivyo."

Nyumba tatu! Kazi tatu. Mama Gerson akaizuia furaha isimtoke usoni. "Vyombo ninavyo, na vinatosha nyumba zote tatu. Turubai lipo pia."

"Najua vipo. Nimetumwa na wenzangu niseme na wewe kwanza." Christina akavuta pumzi. "Tunakodi vyombo. Wewe usije."

"Sijaelewa."

"Uvilete Jumamosi, uvikabidhi, uende. Usikae. Jumatatu tutavirudisha."

"Mbona nakaa siku zote? Nimekaa hata kwako, msiba wa mama yako."

"Ndiyo maana nasema."

Nje guta lilipita likiwa tupu, linapiga kengele.

"Wewe unadhani watu wamekuacha kwa sababu ya kofia," Christina akasema, sasa kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mgonjwa. "Nani asiyekujua, Mama Gerson? Mji mzima unakujua. Unajua kwa nini vikombe vyako vimerudi vyote? Ningepewa kikombe na Praygod ningekiweka, kikivunjika ningekitupa. Chako nilikiweka juu ya kabati, mtoto asikiguse. Nilikuwa naota kimevunjika. Siku ya kuanua matanga ya mama, vijiko kumi na viwili havikuonekana. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulisimama mlangoni na daftari. Wifi yangu Severine alikuwa anaaga arudi Dareda. Ukasema mtu asitoke mpaka vijiko vipatikane. Akafungua mkoba wake mbele ya watu. Khanga zake, nguo zake za ndani, vyote nje. Na hakuwa navyo. Tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Hata kipaimara hiki kasema haji."

"Sikumtaja yeye kwa jina."

"Hukumtaja," Christina akakubali. "Jumamosi saa ngapi?"

"Saa nane," Mama Gerson akasema.

Alipobaki peke yake hakuketi. Kuna jambo ambalo Christina hakulijua, na ambalo hakuna aliyelijua ila Mungu. Miezi miwili baada ya msiba ule, mvua zilipoanza, alilikunjua turubai la bluu alianike uani. Vijiko vikaanguka miguuni pake, kumi na viwili, vimefungwa kwa mpira kama alivyovifunga kwa mkono wake. Siku ile aliviokota, akaviosha, akavirudisha kwenye beseni la vijiko. Alijiambia kwamba jambo limeshapita, kwamba kulifufua ni kuchokoza kidonda cha wafiwa. Alimshukuru Mungu kwa kupata vijiko. Alimshukuru kabisa, kwa magoti.

Jumamosi alipeleka vyombo nyumba tatu. Alikabidhi, akageuka. Kwa Christina wanawake walikuwa wameshakaa kwenye mikeka wanachambua mchele, na mmoja wao alikuwa anasimulia kitu, wenzake wameshika mbavu. Walipomwona wakanyamaza. "Shikamoo Mama," wakasema kwa pamoja. Kigoda kilikuwepo karibu na mafiga, hakina mtu. Akasema marahaba, akashika njia.

Jumapili baada ya ibada ya kipaimara alirudi nyumbani, akabadilisha nguo, akaketi. Vyombo vyake vilikuwa vinapakuliwa chakula nyumba tatu, na muziki wa mojawapo ulimfikia ukipanda na kushuka kwa upepo. Gerson akapiga.

"Mama, vipi hesabu yetu? Krismasi hiyo."

"Nimepata tatu. Zote leo."

"Leo? Tatu?" Gerson akacheka kwa furaha ya kweli. "Basi umenishinda, Mama. Gari silileti. Mbona hapo kimya hivyo, uko kwenye shughuli?"

"Nipo nyumbani."

"Umeacha vyombo bila mlinzi? Wewe?"

"Vina alama," akasema.

"Basi Mama, hongera. Umebaki Babati."

"Nimebaki," akaitikia, na simu ilipokatika akayasikia maneno yake mwenyewe. Hakuna sahani ya chakula iliyotumwa kwake kutoka nyumba yoyote ile. Alikula ugali wa mchana uliobaki, na maharage ya Christina.

Jumatatu asubuhi guta likaja limejaa, na Christina yuko juu yake pembeni, ameshikilia masufuria yasigongane. Akashuka, akaanza kuteremsha. Vyote viling'aa. Walikuwa wamesugua hata masizi ya miaka.

Mwenye guta akasimama kando akisubiri, maana kila mwenye guta Babati alijua kwamba hapa haondoki mtu mpaka hesabu. Christina pia akasimama, mikono imefungwa kifuani.

"Hesabu," akasema. "Nimevihesabu nyumba zote tatu. Lakini hesabu."

Mama Gerson akaenda kwenye beseni la vijiko. Akaingiza mkono, akashika fungu. Akaliacha.

"Severine anakaa Dareda sehemu gani?"

Christina akamtazama. "Unamtakia nini?"

"Vile vijiko vilikuwa kwangu."

Mwenye guta akageukia upande wa barabara, kama mtu aliyekumbuka kutazama tairi.

"Vilikuwa ndani ya turubai," Mama Gerson akasema. "Nilivikunjia mimi mwenyewe. Niliviona mvua zilipoanza. Nikanyamaza, mwaka huu wa pili. Nimekosa kwako, na kwa marehemu mama yako, na kwa yule."

Alitegemea kelele. Angezipokea. Christina hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa guta, polepole, akatazama mikono yake iliyopauka kwa kusugua masufuria ya watu.

"Mwaka wa pili," akarudia. "Mume wangu kagombana na dada yake kwa sababu ya vijiko vile. Mimi nilimwambia, labda kweli alivichukua. Mimi, Mama Gerson! Nilimfikiria hivyo wifi yangu."

"Nipe namba yake nimpigie."

"Hupigi." Christina akainua uso. "Alifungua mkoba mbele ya watu. Wewe utamwomba radhi kwenye simu?"

"Basi niambie anapokaa."

"Utakwenda ukamwambie nini?"

"Hivi nilivyokuambia."

"Atakufukuza. Severine hana subira. Ana mbwa."

"Anifukuze."

Christina akampima kwa macho. Kisha akasema kwamba gari za Dareda zinajaa upesi Jumatatu kwa ajili ya mnada, na kwamba kushuka ni kanisani, siyo sokoni, halafu unauliza kwa Mama Blessing, ndivyo Severine anavyoitwa kule, mwenye ng'ombe wa maziwa, watoto wote wanamjua.

"Utakuja na mimi?" Mama Gerson akauliza. Swali lilimtoka kabla hajalipima.

"Hapana," Christina akasema. "Hili ni lako." Akasimama, akakung'uta sketi. "Lakini ukirudi, pita kwangu uniambie alisema nini. Hata kama ni matusi."

Akapanda guta, likaondoka likiwa jepesi, linarukaruka kwenye makorongo ya barabara. Vyombo vilibaki uani, havijahesabiwa, jua likiviwakia. Mama Gerson aliingia ndani kubadilisha kitenge. Alifunga mlango wa nyumba, akasahau kufunga wa stoo, na alipokumbuka alikuwa ameshafika lami, na konda alikuwa anaita Dareda, Dareda, nafasi moja.